Namba Nane ya Sarmento

Benchi lenyewe ni la chuma, limefungwa kwa mnyororo mbele ya duka la mashine za kufulia, mtaa wa Frogtown, Amerika, upande wa University Avenue unaopata jua mchana. Kila Jumapili kanisa likishatoka, Twagirayezu huja hapo na mfuko wa jezi kumi na sita. Ni kapiteni wa timu ya kanisa, na desturi hiyo walitoka nayo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: kapiteni ndiye anayefua jezi za wenzake, hata kama nyumbani ana mke na mashine. Jezi zikizunguka ndani, kijiwe kinakaa nje. Jairus, Mkenya anayehudumia wazee kule Saint Louis Park, huleta chupa ya kahawa ya tangawizi, na kwa kazi yake hiyo wamembandika jina la Daktari. Janvier huleta maneno. Kambini alikuwa na redio iliyoshika vizuri kuliko zote za mtaa wao, akianika betri juani ili zipate uhai kidogo. Basi ni Redio mpaka leo.

Jumapili hiyo, Juni 2016, Twagirayezu alikuwa na fomu ya ligi mfukoni. Kamau, katibu wa ligi, angepita saa kumi na moja kuichukua akirudi kwake Lakeville. Mistari kumi na sita ya wachezaji, mmoja wa kocha, na sheria mpya chini yake: jina moja lisiandikwe mara mbili. Alikuwa amejaza yote ikabaki miwili, wa namba nane na wa kocha. Namba nane ni yeye, tangu kambini, na kocha pia ni yeye. Sasa ana miaka thelathini na tisa, na Jumamosi iliyopita alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, akainuka, akachechemea hadi mwisho. Walifungwa manne. Aliyebaki nje ya ile mistari ni Solomon, dereva wa basi la shule, ambaye msimu mzima huingia kipindi cha pili na fulana yake mwenyewe, namba kaibandika kwa plasta.

Yale manne hayakutajwa na mtu. Redio alianza na Sarmento.

Sarmento alikuwa kiungo wa Kibrazili, naye namba nane. Redio alimfuata hewani miaka na miaka. Alisema mpira ukimfikia Sarmento, hata mtangazaji alishusha sauti, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Baadaye akazeeka, akawa kocha, akafukuzwa na timu sita katika miaka minane. Hapo wote walikubaliana. Ugomvi ulikuwa juu ya sababu.

— Mutu wa kucheza acheze, akasema Redio. — Ukimuweka kando, unamuua taratibu.

— Wacha hizo. Goti lilikuwa limeisha, akasema Daktari. — Mimi naona magoti kila shifti. Goti halibembelezwi, boss.

Twagirayezu, ambaye alikuwa amenyoosha mguu, akaukunja alipoona Daktari anautazama.

Redio alisema hilo goti lilikuwa uongo wa rais wa klabu, aliyetaka kuuza uwanja na alihitaji watu waangalie kwingine. Daktari akasema uongo au kweli, kule Ureno Sarmento alikuwa kocha huku anajiandika mchezaji wa akiba, na dakika za mwisho aliingia uwanjani na tai ndani ya jezi. Redio akamsahihisha: si tai tu, ni suti nzima, na bao alifunga. Daktari akauliza sasa mbona walimfukuza. Kwa sababu ya lile bao, akajibu Redio. Wachezaji waligoma, kocha anayefunga anawatukana. Ndipo akaenda Japani, akakataa kumpanga mtu yeyote namba nane, timu ikacheza watu kumi msimu mzima. Redio alipoulizwa hiyo aliisikia kituo gani, alisema siku ile betri zilikuwa chini.

Twagirayezu hakuwa mtu wa kuzungushwa.

— Mnamusema Sarmento ama mnanisema mimi?

— Sarmento, akasema Redio upesi.

— Sarmento, akasema Daktari, akageuka kuangalia treni ikipita katikati ya barabara.

Damu ilimpanda. Redio alikula naye mahindi ya msaada miaka kumi na minne kambini, na leo yuko radhi amtembeze Brazil, Ureno na Japani kuliko kumwambia neno moja, iwe cheza, iwe kaa. Akaishika fomu ndani ya mfuko akiwa nusura aichane.

Hapo Générose akatoka dukani na kapu lake. Ni wa kanisa lao, amefika Amerika mwezi wa nne. Alikuja kuwaambia mashine ya jezi imesimama, lakini mlangoni alikuwa ameyasikia ya Japani, na hayakumwingia.

— Samahani, ba papa. Huyo Sarmento, alipoacha kucheza, jezi yake alimpa nani?

Redio akachukua chupa ya kahawa, akaiinamisha juu ya kikombe. Lilitoka tone moja. Daktari akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Suti waliijua, rais wa klabu walimjua. Aliyevaa nane baada ya Sarmento hawakuwahi kumtafuta.

Twagirayezu aliingia ndani. Jezi zilikuwa bado za moto. Alizikunja moja moja juu ya meza, na kama kawaida yake akaiacha nane iwe ya mwisho. Alizihesabu: kumi na sita. Msimu mzima amefua jasho la kila mtu, na ile fulana ya plasta haijawahi kupita mikononi mwake.

Alipotoka aliweka fomu juu ya goti bovu, akaandika jina lake kwenye mstari wa kocha. Ni jina refu, likatoka nje ya mstari. Kisha akainua ile jezi ya nane, akiishika mabegani.

— Solomon anavaa saizi gani?

Redio akamtazama Daktari. Daktari akatazama ndani ya kikombe kitupu. Gari la Kamau lilikuwa linaegeshwa, na saizi ya Solomon hakuna aliyeijua.