Nafasi ya Tatu kwenye Fomu

Basi lilikuwa nusu tupu, na msichana alikuwa amefungua fomu ya shule ya kuchagua masomo matatu mapajani. Fizikia na Kemia alishaziandika. Nafasi ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Baiolojia ingempeleka kwenye udaktari alioutaka mama yake, Hisabati kwenye kazi ya fizikia aliyoipenda mwenyewe.

Mzee aliyeketi kando yake alimsikia akinong'ona, "Udaktari au fizikia?" akachungulia bila haya. "Mimi naenda kupigwa mionzi," alisema taratibu. "Nina uvimbe shingoni. Daktari hunishika bega kila siku. Ila anayepiga hesabu za ile mionzi ni mtu wa fizikia. Yuko nyuma ya kioo, hata sauti yake sijawahi kuisikia."

"Sasa babu, kati yao nani anakuponya?"

"Bado sijapona, mjukuu wangu."

Msichana akaona aibu, akainamia fomu yake.

"Leo nitamgongea kioo," mzee aliendelea, "nimuulize kama kazi yake anaipenda. Kesho nitakuambia."

"Fomu inarudishwa asubuhi hii, babu."

"Basi nimechelewa kumuuliza," alisema mzee, akasogeza magoti ampishe.

Basi lilisimama mbele ya geti la shule. Msichana aliteremka, kalamu mkononi, nafasi ya tatu ingali wazi.