Kutoka Kushoto Kwenda Kulia

Hivi wewe, umewahi kujiuliza ni nani anayeandika yale maneno madogo chini ya picha za zamani, "kutoka kushoto kwenda kulia"? Hujawahi. Hata Digrii hakuwahi, na yeye ana shahada ya historia iliyofungwa kwenye nailoni chini ya godoro la mama yake, mwaka wa nne huu. Mjini hapo kazi hiyo ina mwenyewe: Bi Faharasa, mwandishi na mhariri wa kujitegemea, mama wa miaka hamsini na ushei. Ameandika historia ya shule, ya chama cha wafugaji, ya timu mbili za mpira zisizosalimiana, na ya koo tatu ambazo kila moja inadai ilifika ya kwanza. Jina alilipata alipogoma kutoa kitabu cha ushirika mpaka kiwekwe faharasa, ile orodha ya majina kurasa za mwisho, kwa hoja kwamba mtu hununua kitabu cha historia ili amtafute baba yake. Akishampata ndiyo asome mengine, akipenda. Na kila kitabu chake, kabla hakijaenda kuchapwa, lazima kisomwe kwa sauti kwenye benchi la nje ya duka la fotokopi, wenye mji wakiwa na vikombe mkononi. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya kitabu cha miaka sitini ya tangi la maji. Halmashauri ilitaka saini yake ifikapo saa sita. Picha ya uzinduzi ingechapwa kwenye jalada, kisha ichongwe kwenye bango la chuma pale tangini.

Digrii alikuwa ameketi mwisho wa benchi na barua yake ya sitini na tatu ya kuomba kazi. Alikuwa na hasira tangu alipoamka, akamwanza mama wa watu.

— Bi Faharasa, with all due respect, hii nayo ni career?

— Ni kazi, mwanangu.

— Mimi nimesomeshwa vita vya dunia, vyote viwili. Wewe unazunguka kuuliza nani alisimama karibu na ndoo.

— Vita vina waandishi wengi, — Bi Faharasa alisema, akifungua prufu, nakala ya majaribio ya kitabu. — Ndoo haina.

Mama Birika, muuza kahawa, akacheka puani na kumwongezea kikombe. Bi Faharasa akasoma maelezo ya picha yale yale aliyoyaandika kwenye kijitabu chake cha kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita:

— "Siku ya uzinduzi. Kutoka kushoto kwenda kulia: mwashi aliyejenga tangi, mpimaji, mhandisi, na mpishi wa mhandisi."

Mzee Tarishi akanyoosha shati. Huyu alikuwa tarishi wa halmashauri mpaka alipostaafu, na mwashi ndiye baba yake. Baba alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, bila kuacha picha hata ya kitambulisho. Uso wa baba yake Mzee Tarishi aliuona kwa mara ya kwanza kwenye kijitabu hicho, akaukata, akauwekea fremu.

— Mtazameni, — alisema. — Mrefu, kifua mbele. Sasa mtazameni na huyu mpishi mfupi wa kulia, babu yake Mama Birika. Hilo koti kavalishwa akiwa usingizini.

— Miaka kumi na tisa utani huo huo, — Mama Birika alisema. — Haujakuchosha, mzee?

Sindano, fundi cherehani, alikuwa ameketi kando yao. Aliivuta prufu, akashusha miwani, karibu ainuse.

— Haya makoti yamefungwa kike.

— Unasemaje?

— Vifungo viko upande wa kike. Na mfuko wa kifuani uko kulia. Koti la mwanaume mfuko unakaa kushoto, tangu nianze kushika mkasi sijaona vingine.

— Fundi wa enzi hizo alikuwa anajifunza, — alisema Mzee Tarishi.

— Koti moja, nakubali. Haya manne.

— Basi fundi alikuwa mmoja, na alitumia mkono wa kushoto.

— Mkono wa fundi hauhamishi mfuko, mzee wangu.

— Labda waliazima kwa wake zao.

— Mhandisi naye? — Digrii aliingilia. — Mhandisi katoka ng'ambo na meli, kafika hapa kaazima koti la mke wa nani? Mimi nina theory. Mji mzima ulikuwa wa mashoto. Ndiyo maana mpaka leo hakuna kinachokwenda sawa, bomba la maji linaelekea mlimani, na mimi nina digrii nauza vocha.

— Au kamera, — alisema Mzee Tarishi, sasa kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika. — Kamera za zamani zilikuwa zinapiga kwa nyuma. Mtu anasimama huku, yenyewe inamwona kule.

Watu wakacheka, ila Bi Faharasa. Alikuwa ameweka kidole juu ya mfuko mmoja wa koti, anaukagua tena na tena kana kwamba ungehama.

— Mzee hajakosea sana, — alisema taratibu. — Mpiga picha aliniachia bahasha ina filamu. Majina aliyaandika juu ya bahasha siku ile ile, kwa mpangilio waliosimama. Filamu niliipeleka studio mimi. Wakaisafisha imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Nikayabandika majina juu ya picha iliyogeuka, na makoti sikuyatazama.

Sindano akajifanya anatafuta uzi mfukoni.

— Kwa hiyo? — aliuliza Mzee Tarishi, ingawa alishaelewa.

— Kwa hiyo mwashi ni huyu wa kulia. Mwenye koti kubwa.

Mzee Tarishi alimtazama yule mtu mfupi aliyemcheka kwa miaka kumi na tisa. Kisha akaisukuma prufu mbali.

— Weka saini, Bi Faharasa. Mimi sina baba mwingine.

— Unaye. Yuko upande huu.

— Nani mwingine anajua? Sisi hapa tu. Fundi hatasema.

— Mimi nilijua, — alisema Mama Birika.

Wote wakageuka. Alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kuwa safi.

— Huyu mrefu wa kushoto ndiye babu yangu. Nilimwogesha miaka yake miwili ya mwisho, masikio yale nayajua.

— Mama, na ulinyamaza? — Digrii aliuliza.

— Kitabu kilishasema. Mimi na birika nishindane na kitabu?

Maneno hayo yalimwingia Bi Faharasa kuliko kelele yoyote. Digrii aliiona kalamu mkononi mwake ikisita. Alijua anachokipima: akikiri, chama cha wafugaji kitauliza na chao kama ni sahihi, na zile koo tatu zitapanga foleni mlangoni kwake. Mhariri wa kujitegemea hana mshahara wala ofisi. Ana kuaminika tu.

— Si ungehakikisha kwenye nyaraka? — Digrii alisema, safari hii bila ukali.

— Nyaraka ziko stoo ya halmashauri. Nimeandika barua kumi na moja kuomba kuingia. Wanajibu kwamba stoo inawekewa utaratibu.

— Orodha ya vibarua wa tangi imo humo, — Mzee Tarishi alisema akitazama chini. — Niliiingiza mwenyewe, sanduku kichwani. Majina yote, mpaka wachota maji. Wakafunga kufuli, mwenye ufunguo akahamishwa.

Hapo ndipo alipotoka dukani nesi mmoja mgeni, aliyehamia mjini wiki hiyo, ameshika fotokopi za vyeti vyake.

— Shikamooni. Naona picha nzuri. Naruhusiwa?

Wakampa. Akasoma maelezo, akaitazama picha, akarudi kwenye maelezo.

— Samahani, watu watano, majina manne. Huyu dada wa katikati, mwenye ndoo, ni nani?

Sindano akamtazama Mzee Tarishi. Mzee Tarishi akamtazama Bi Faharasa. Picha ungeigeuza mara mia, yule mwanamke angebaki pale pale katikati, na asubuhi nzima watu walikuwa wamemruka kwenda kushoto, wakamruka kurudi kulia. Nesi akairudisha picha, akashukuru, akaenda zake.

Mama Birika akainamisha birika. Halikutoa kitu.

Simu ya halmashauri ikaita. Bi Faharasa hakuipokea. Alimsogezea Digrii karatasi.

— Andika wewe. Una hasira nzuri.

Digrii akaandika ukurasa mzima, mbele na nyuma, kwa lugha mbili na nusu. Bi Faharasa akaupitia kwa kalamu nyekundu. "Hili ni kweli lakini halitusaidii," alisema, akakata. "Hili lingetusaidia lakini si kweli." Akakata. Digrii alitazama matusi yake ya miaka minne yakifutwa mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza hakuona kama ameonewa. Mzee Tarishi alikuwa ameirudisha prufu kwake, amefunika wale wengine kwa kiganja, amebaki na mtu mfupi mwenye koti kubwa.

Kilichobaki kwenye karatasi ni hiki:

"Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Msichape kitabu wala kuchonga bango. Picha imegeuzwa, na kosa ni langu, mhariri. Lakini orodha ya waliojenga tangi imo ndani ya stoo yenu, na kufuli ni lenu. Vunjeni kufuli leo, mtupe jina la mwanamke wa katikati."