Sawako Murase na Ukurasa Mweupe

Ndugu wa ukoo wa Iguchi na wa Murase, majirani wa Tenma, na ninyi nyote mliokuja na mvua hii, mimi ni Yukari, binti wa kaka yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu, ambaye angekuwepo angeniambia nifupishe.

Sawako alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Amagasaki, akiwa kitinda mimba wa mzee Iguchi, fundi wa pampu, na mkewe Tomi, akasoma huko huko hadi alipohitimu sekondari mwezi Machi 1966, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika duka la kusafisha picha hapa Tenma, Osaka, alikofanya kazi kwa miaka thelathini na minane, akisafisha picha za harusi na sikukuu za watu wengine, hata akawa anasema kwamba anazijua nyuso za mtaa mzima, ila majina ndiyo hajaambiwa.

Mwaka 1971 alinunua kamera iliyokwisha kutumika, na tangu hapo kila mchana alikula tonge lake la wali huku akitembea, akipiga picha za barabarani, karani anayekimbiza kofia yake, muuza samaki aliyesinzia juu ya ndoo, mabibi wawili wanaogombania kivuli cha mwavuli mmoja. Picha hizo alimwonyesha mtu mmoja tu, Teruhiko Murase, aliyekuwa akisahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji cha jirani, na aliyekuwa na insha zake fupi ambazo hakuna gazeti lililozitaka. Teruhiko alikaa nazo siku tatu, kisha akazirudisha pamoja na karatasi alizoandika, wala hakueleza kilichoonekana, aliandika tu yale ambayo mtu wa pichani huenda alikuwa akiyawaza. Shangazi akasoma, akasema, "Wewe ni mwongo hodari," naye akamjibu, "Na wewe ni mwizi hodari, basi tushirikiane."

Ndivyo kilivyopatikana kitabu chao, Saa Sita na Nusu, picha kulia, maneno kushoto, nakala mia nne, kilichotoka tarehe 20 Oktoba 1977 na kuwekwa katika dirisha la duka la vitabu karibu na kituo cha treni.

Tarehe 12 Novemba mwaka huo aliingia dukani kwa Shangazi mwanamume mwenye suti, Bwana Nishioka, akafungua kitabu ukurasa wa arobaini na tatu na kuuweka juu ya kaunta, na pale alikuwa yeye mwenyewe, ameketi kwenye benchi la bustani na mkoba magotini, akiwamegea njiwa mkate, na kando yake Teruhiko ameandika, "Hawa ndio peke yao ambao hawajaniuliza nimefikaje hapa." Akasema, "Dada, nilipunguzwa kazini mwaka jana. Kila asubuhi mke wangu ananifunga tai, ananiaga, nami naenda kukaa hapo. Yeye hushukia kituo kile kile chenye duka la vitabu. Nipe wiki moja nimwambie mwenyewe, asije akaambiwa na dirisha la duka."

Shangazi angeweza kusema kwamba kitabu kimekwisha kuchapwa, na hiyo ndiyo picha aliyoipenda kuliko zote, lakini jioni ile ile aliviondoa vitabu dirishani, akanunua karatasi nyeupe na gundi. Teruhiko akalalamika, "Picha ikifunikwa, maneno yangu yatabaki yakimtazama nani?" akajibiwa, "Yatamtazama msomaji. Acha maneno, paka gundi." Walifunika ukurasa ule katika nakala zote zilizobaki, kisha Shangazi akazifuata nyumba kwa nyumba nakala thelathini na moja zilizokwisha kuuzwa, akiinama na kuomba radhi, akazipata ishirini na saba.

Baadaye zikaanza kuja barua, maana wasomaji waliona maneno yale mbele ya weupe mtupu na kila mmoja akamwona mtu wake, mama mmoja wa Kobe akaandika kwamba amebandika hapo picha ya baba yake, mwingine akambandika kaka aliyeondoka nyumbani, na nakala zote zikauzwa.

Bwana Nishioka alimwambia mkewe kabla ya wiki kwisha, na mwezi Aprili 1979, akiwa amepata kazi ya kutengeneza lifti, alikuja dukani pamoja naye, na mama huyo akasema, "Nionyesheni huyo tapeli." Wakaibandua karatasi, akainama juu ya picha, akasema, "Tai imekaa upande. Siku zote anaichezea nikishaifunga." Akaomba picha irudishwe, nayo ikarudi katika chapa ya pili ya mwaka 1983, ukurasa mweupe ukiachwa pia, kwa sababu ulikwisha kuwa mali ya watu.

Tarehe 3 Juni 1979 Sawako alifunga ndoa na Teruhiko, wakajaliwa watoto wawili, Chizuru mwaka 1981 na Motoki mwaka 1984, na wajukuu watatu.

Mwezi Machi 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, akatibiwa kwa miaka miwili, akiendelea kupiga picha dirishani pa wodi, hadi alipotutoka Jumapili tarehe 14 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowaamuru wasogee kwenye mwanga, majirani waliopika zamu kwa zamu, wenzake wa dukani, na wasomaji waliotoka mbali.

Mjomba Teruhiko hakuweza kuandika kitu tangu Jumapili, ila leo alfajiri amenipa karatasi hii, nami naisoma kama ilivyo: "Sawako, mtaa umejaa watu, na mwanga ni mzuri. Wewe tangulia. Mimi natembea polepole."

Pumzika, Shangazi, kwa amani uliyowaachia wengine.