Choo Kinachonong'ona

Ndani ya basi, fundi bomba alikuwa amekumbatia mkoba wake wa spana, masikio yake yakiwa kiti cha mbele.

"Bili ya maji imetushinda, mwenzangu," mama mmoja alimlalamikia jirani yake wa safari. "Siku hizi mama mkwe anaoga kopo moja tu, tena kwa kuruka siku. Anasema asitutie hasara."

"Maskini! Na choo hakivuji?"

"Hakina neno. Kinanong'ona tu mchana kutwa, tumeshakizoea."

Fundi, aliyesikiliza vyoo miaka ishirini, akameza maneno: nyumba ya watu, mambo ya watu.

Basi likasimama, mama akashuka. Fundi naye akashuka, vituo vitatu kabla ya kwake.

"Samahani, dada! Anayemaliza maji ni hicho choo. Bi mkubwa mwacheni aoge."