Kiti cha Babu Ndani ya Kompyuta

Mfuniko wa birika ulimwamsha Bibi Benadeta kabla ya alfajiri. Sasa alikuwa kwenye Noah ya abiria, nyuma ya vijana wawili wasiofahamiana, akiwasikiliza. Mackrine alikuwa anaenda kwenye usaili wa kazi, na programu aliyokuwa akiiandika kwenye kompyuta mpakato ilikuwa imegoma.

"Darasa la wanafunzi nimeliita class, kompyuta inakataa!"

"Neno hilo lina mwenyewe, dada. Lugha ya kompyuta imeshalichukua," alisema Alistides, kijana aliyekaa kando yake, akimpakatia mkoba. "Kwenu nani anakalia kiti cha babu?"

"Hakuna, hata akiwa shambani."

"Basi andika darasa."

"Wasaili wanicheke kwamba sijui Kiingereza?"

"Wacheke, programu ikifanya kazi."

Gari likasimama Nyakasimbi. Alistides akamrudishia mkoba taratibu, akashuka. Vidole vya Mackrine bado vilisita juu ya vitufe vya kompyuta.

"Ukija tena huku, kaka, pita kwetu Ihembe," alimwambia dirishani. "Ila kile kiti usikikalie."