Vidonge Vitupu vya Apolonia wa Kiwalani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Apolonia, msusi wa Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege, aliyefariki mwezi uliopita kwa shinikizo la damu. Ukikaa mkekani kwake, ndege ikapita juu ya bati, alisimamisha mkono, akasubiri ipite, kisha akaendelea na umbea palepale alipoukatisha.

Apolonia aliishi na virusi vya UKIMWI. Hakuficha. Binti yake, Tekla, alizaliwa navyo. Wote walimeza ARV bila kukosa, na virusi vilishuka. Lakini askari wa mwili, zile chembe za kinga ziitwazo CD4, hawakupanda. Hilo ndilo lililomnyima raha Apolonia: askari wa Tekla hawapandi.

Kliniki ukaja utafiti wa dawa ya kuongezea juu ya ARV, ya kuituliza kinga iliyochoka kwa kupigana bila kupumzika, ili askari waongezeke. Walitakiwa watu wazima, na Tekla alikuwa bado mdogo. Mama akaingia yeye. Aliambiwa wazi: wengine watapewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na hakuna atakayejua yuko kundi gani.

"Shoga, wamekufanya panya!" alimcheka Hija, mteja wake.

"Panya gani anaombwa ridhaa? Inamisha kichwa, nisije nikakusuka mkia."

Utafiti ulipoisha, siri ikafunguliwa. Apolonia alikuwa wa vidonge vitupu. Kaka yake, Nikodemu, alikuja juu.

"Muda wote ule unameza hewa!"

Apolonia alicheka mpaka akajifuta machozi. "Braza, bila sie wa vitupu, wangejuaje kama vya wenzetu vinafanya kazi?"

Na vya wenzake vilionyesha dalili njema. Ukafunguliwa utafiti wa pili, safari hii kila mtu akipewa dawa yenyewe. Tekla alikuwa ameshatimiza umri. Akaingia.

Tulimkuta Tekla kwenye mkeka wa mama yake.

"Mama alinisuka asubuhi niliyokwenda kupima damu," alisema. "Majibu yametoka tumeshamzika. Nywele ni hizihizi, sijazifumua." Ndege ikapita. Akanyamaza, akasubiri ipite. Kisha akaendelea palepale: "Askari wangu wamepanda."

Pole sana, Tekla. Pole, Nikodemu, na wote mliosukwa na mikono ile. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tukishika kidonge kinachotuponya, tujiulize: nani alikubali kumeza kitupu, ili hiki kijulikane?