Simu ya Mama Générose

Ndani ya basi la kutoka Kagugu, wanafunzi wawili waliokaa mbele yangu walikuwa wakibishania filamu fupi waliyopiga jana. Keith ndiye aliyeiandika, Annick ndiye aliyeiongoza.

"Mama Générose hakusema hata neno langu moja," Keith alilalamika kuhusu mwigizaji wao. "Alipewa simu ya kuigizia, akaipiga kweli, akaongea na mtoto wake mwenyewe, yule anayeishi Bujumbura!"

"Na wewe ulilia. Nilikuona."

Keith alikunja mikono. Mimi nikajifanya natazama dirishani.

"Sasa mimi nimeandika nini?"

"Umeandika kwamba mama ampigie mwanawe simu. Amepiga."

"Hiyo si filamu yangu, Annick."

"Ni yetu."

Keith akavuta pumzi. "Nionyeshe tena."

Basi liliposimama Kibagabaga walishuka, wameinamia simu moja, bado wakibishana. Nilitamani kushuka nao.